Shangazi Ahama Chungu

Nyumba ya Fundi Saa haikuwahi kuwa kimya. Ukutani kulikuwa na saa nne. Juu ya kabati kulikuwa na mbili. Nyingine ilikuwa jikoni. Zote zilisema tik, tik, tik, kwa pamoja. Hakuna iliyothubutu kuchelewa. Ingethubutuje? Mwenye nyumba alitengeneza saa za watu kwa miaka arobaini.

Lakini mlio wa saa si mazungumzo. Mke wa Fundi alikuwa amefariki mwaka mmoja na miezi minne iliyopita. Tangu hapo Fundi aliishi peke yake, ghorofa ya tatu. Alikuwa na binti mmoja tu. Binti huyo alifanya kazi ya maabara katika mji wa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi.

Siku za Fundi zilifanana. Saa kumi na mbili aliamka. Saa moja alichemsha chai. Alitoa vikombe viwili kabatini, akaviweka mezani, kisha akakumbuka, akarudisha kimoja. Alikosea hivyo karibu kila asubuhi. Hakuna aliyemwona, kwa hiyo hakuna aliyemcheka.

Halafu ilifika saa nne. Saa nne kamili Fundi alimpa Shangazi maji.

Usishangae. Shangazi hakuwa mtu. Alikuwa mmea wa ndani, ndani ya chungu cha udongo chenye tumbo kubwa na mdomo mwembamba. Majani yake yalikuwa marefu, ya kijani kilichokoza. Maua yake yalikuwa meupe, na kila ua lilisimama wima kama kijiko. Mmea huo huitwa yungiyungi la amani. Mke wa Fundi ndiye aliyeupa jina la Shangazi.

"Mwangalie," alikuwa akisema. "Ukimsahau siku chache tu, ananuna. Analaza majani yote chini, kama shangazi aliyekuja kwenye harusi akakosa kiti. Mpe maji. Baada ya muda kidogo kasimama, kasahau yote."

Siku hizo Fundi alikuwa ameinama mezani, lenzi jichoni, kibano mkononi. Nyuma yake alimsikia mkewe akisema, "Shangazi kanuna!" Kisha alisikia maji. Hakugeuka. Hakuona mkewe alifanya nini kabla ya kumwaga maji, wala baada yake. Miaka yote hiyo alimpa mgongo, na sasa jambo hilo lilimuuma.

Mkewe alipofariki, Fundi alijiambia: huyu Shangazi hafi mikononi mwangu. Ndiye kiumbe hai wa mwisho aliyeguswa na mke wangu kila siku. Basi akamtunza kwa njia aliyoijua yeye, njia ya saa. Saa haipendi kubahatishwa. Unaijaza kwa wakati wake, kwa kipimo chake. Kwa hiyo kila siku, saa nne kamili, Shangazi alipewa kikombe kimoja cha maji, kimejaa hadi ukingoni.

Kwa muda mambo yalikwenda. Halafu, miezi miwili iliyopita, Shangazi alianza kuharibika.

Kwanza majani ya chini yaligeuka manjano. Kisha maua yakakoma. Kisha ukaja ule mnuno. Fundi alimwagilia saa nne, na saa nane Shangazi alikuwa amelala tena. Fundi akaongeza maji. Vikombe viwili. Vikombe vitatu. Haikusaidia. Akafikiri labda mgonjwa anataka jua, akamtoa nje kwenye kibaraza. Jua kali likambabua. Majani yakapata mabaka ya kahawia, makavu kama karatasi.

Jambo hili Fundi hakumwambia mtu.

Kila Jumapili, saa kumi jioni, binti yake alipiga simu ya video. Walisalimiana. Waliulizana kuhusu kazi, afya na mvua. Kisha binti alisema maneno yaleyale.

"Haya Baba, nionyeshe ua la mama."

Fundi alikuwa amejitayarisha. Tangu saa tisa na nusu alikuwa amekwisha kumzungusha Shangazi. Upande uliobabuka ulitazama ukuta. Upande mmoja wenye majani sita mazima ulitazama simu.

"Huyu hapa," alisema. "Hajambo kabisa."

"Kapendeza! Nikija likizo nitapiga naye picha. Zimebaki wiki kumi na nne tu, Baba."

"Karibu sana, mwanangu."

Simu ikikatika, Fundi alikaa na kuhesabu majani. Wiki ile yalikuwa sita. Wiki iliyopita yalikuwa nane. Hakuhitaji kuwa fundi wa saa kujua hesabu hiyo inaelekea wapi. Aliogopa. Aliogopa binti yake atafika na kukuta chungu kitupu, na atajua kwamba baba yake ameshindwa kutunza kitu kimoja tu.

*

Siku ya Alhamisi, saa nne na dakika tano, mlango ulibishwa kwa nguvu.

"Hodi! Hodi humu ndani!"

Fundi alishtuka. Mlango wake haukubishwa mara nyingi. Alifungua. Mbele yake alisimama jirani wa ghorofa ya pili. Wenyeji wa jengo walimwita Mama Maua, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutunza mimea ya maofisini. Aliingia ofisini alfajiri, kabla ya wenye ofisi, na saa tatu na nusu alikuwa amerudi nyumbani. Fundi alimjua kwa salamu za ngazini tu. Mkononi Mama Maua alishika koti la kazi, limelowa na kuchafuka matope.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Karibu."

"Ahsante, lakini nimekuja na lawama. Hili koti nimelifua mara tatu wiki hii. Nalianika kwenye kibaraza changu. Na kila siku, saa nne kamili, mvua inanyesha! Mvua ya matope, juu ya koti langu peke yake. Mwanzo nilidhani bomba limepasuka. Nikasema, hapana, bomba gani hili linalojua saa?"

Uso wa Fundi uliwaka kwa aibu.

"Nisamehe, mama. Ni mimi. Namwagilia mmea."

"Unamwagilia mmea au unaosha jengo?" Mama Maua alitaka kuendelea, lakini alimtazama mzee vizuri, akapunguza sauti. "Hebu nione huo mmea."

Walitoka kibarazani. Mama Maua alimwona Shangazi, akashika kiuno.

"Jamani! Huyu kafanywa nini?"

"Anaumwa," Fundi alisema polepole. "Nampa maji kila siku, saa nne kamili. Siku hizi vikombe vitatu. Lakini anazidi kununa."

"Leta kikombe kimoja cha maji."

Fundi alileta. Mama Maua alimwaga maji juu ya udongo. Hata kikombe hakijaisha, maji yalianza kutiririka chini ya chungu, yakapita sakafuni, yakadondoka kwa jirani.

"Umeona?" alisema. "Maji yameingia juu, yametoka chini, hayakukaa. Unajua kwa nini?"

"Sijui."

"Kwa sababu ndani hamna udongo wa kuyashika. Mna mizizi tu. Imejaa chungu chote." Aliinamisha chungu. Kwenye tundu la chini mizizi ilikuwa imechomoza na kuning'inia. "Na hapa juu, tazama. Mizizi inapanda juu ya udongo, inatafuta pa kwenda. Huyu kabanwa, Fundi. Mmea huu unahitaji kuhamishiwa chungu kikubwa kidogo kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Huyu yumo humu tangu lini?"

Fundi alifikiri. "Miaka minne. Labda mitano."

"Basi. Ungevaa wewe viatu vya utotoni miaka yote hiyo, usingenuna?"

Fundi alitaka kucheka. Kicheko kilikwama. Ulikuwa muda mrefu hajakitumia.

"Kwa hiyo dalili ndizo hizi?" aliuliza.

"Ndizo hizi. Maji yanapita mbio. Anasinyaa muda mfupi tu baada ya kumwagiliwa. Mizizi inatokeza chini na juu. Majani mapya yanakuwa madogo, maua yanakoma. Ukiona mambo hayo, usiongeze maji. Badilisha chungu. Na hili jua, nani kakwambia anataka jua kali? Anapenda mwanga, lakini jua lisimpige moja kwa moja. Mrudishe ndani leo hii."

"Nitambadilishia lini?"

"Wakati mzuri ni pale majani mapya yanapoanza kuchomoza, baridi imekwisha na joto kali halijaanza. Bahati yako, sasa ni majira hayohayo. Lakini hata yasingekuwa, aliyebanwa hivi hasubiri. Kesho mmwagilie vizuri, mizizi ilainike. Jumamosi asubuhi nakuja na udongo. Wewe tafuta chungu."

Alipofika mlangoni aligeuka.

"Kesho nitaanika nguo ndani. Maana wewe na saa nne yako siwaamini."

*

Jumamosi, saa tatu asubuhi, Mama Maua alikuja na mfuko wa udongo. Fundi alikuwa ametandika magazeti juu ya meza yake ya kazi. Kando ya meza aliweka ndoo kubwa ya plastiki, ile ya kufulia.

"Hiyo ndoo ya nini?"

"Ndiyo chungu kipya," Fundi alisema kwa fahari. "Nimeona nimpe nafasi ya kutosha moja kwa moja. Asibanwe tena mpaka nife."

Mama Maua alicheka hadi akakaa. "Fundi, Fundi! Utamuua kwa ukarimu. Sikiliza. Chungu kikiwa kikubwa mno, udongo unakuwa mwingi kuliko mizizi. Maji yanakaa humo siku nyingi, hakuna wa kuyanywa. Mizizi inaoza. Chungu kipya kizidi cha zamani kwa upana wa vidole viwili tu kila upande. Na lazima kiwe na matundu chini. Hiyo ndoo haina hata moja."

"Sasa nitapata wapi chungu cha vidole viwili leo?"

"Tutaona. Kwanza tumtoe huyu."

Mama Maua alimlaza Shangazi ubavu, akashika mashina karibu na udongo, akavuta taratibu. Hakutoka. Alipitisha kisu kirefu pembeni. Hakutoka. Tumbo la chungu lilikuwa pana na mdomo ulikuwa mwembamba. Mizizi ilikuwa imejaa tumboni, na mlango wa kutokea haukuwepo.

Mama Maua alijifuta mikono. "Fundi, hapa hakuna njia. Chungu kivunjwe."

"Hapana," Fundi alisema.

"Nikivuta kwa nguvu, mashina yatakatika."

"Nimesema hapana. Chungu hiki alikichagua mke wangu. Tulizunguka soko zima, mpaka miguu ikaniuma. Alikibeba mwenyewe kurudi nyumbani. Siwezi kukivunja."

Mama Maua hakubishana. Alifuta kisu. Saa zote saba zilisema tik, tik, tik.

"Sawa," alisema mwishowe. "Ua ni lako. Lakini leo asubuhi ana majani mangapi?"

"Matano," Fundi alijibu. Alijibu bila kuhesabu.

Alisimama kwenda jikoni kuchukua maji ya kunywa. Chini ya beseni la vyombo palikuwa na rafu. Fundi aliijua rafu hiyo. Alikuwa akiweka humo vibanio vya nguo, ndani ya kitu cha plastiki cha rangi ya kahawia. Siku zote alichukua vibanio na kurudisha vibanio. Hakuwahi kukitazama kile chombo. Leo alikitazama. Chini kilikuwa na matundu matano.

Aliinama, akamwaga vibanio sakafuni, akarudi na kile chombo sebuleni. Alikisimamisha karibu na chungu cha udongo. Kwa mkono wa mtu aliyezoea kupima, aliweka vidole viwili upande huu. Vikaenea. Aliweka vidole viwili upande wa pili. Vikaenea.

"Hiki ni chungu cha maua," Mama Maua alisema. "Umekipata wapi?"

Fundi alikigeuza mikononi. Alikumbuka. Ulikuwa mwezi mmoja kabla mkewe hajalazwa. Alirudi kutoka sokoni, akasema kitu kuhusu Shangazi. Fundi alikuwa na saa ndogo ya mkononi mbele yake, springi imetoka. Alijibu, "Mmh." Hakugeuka.

"Alikinunua yeye," Fundi alisema. "Alijua. Alikwisha kupima. Aliniambia, nami sikusikiliza."

Akalia. Alilia kama watu wanavyolia nyumbani kwao, bila kuficha uso. Mama Maua aliweka kisu chini. Alishika meza kwa mkono mmoja na kumngoja.

Fundi alipomaliza, alifuta macho, akavuta droo, akatoa nyundo yake ndogo.

"Mimi ndiye nitakivunja," alisema. "Lakini polepole."

*

Aligonga chungu ubavuni mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu ufa ulikwenda kutoka mdomoni hadi chini, na chungu kikafunguka vipande vitatu.

Ndani hamkuwa na udongo wa kuonekana. Mizizi ilikuwa imejizungusha, tabaka juu ya tabaka, na kuchukua umbo lilelile la chungu. Fundi alisogeza lenzi jichoni kwa mazoea.

"Kama springi ya saa iliyojazwa mpaka mwisho," alisema. "Ukiiacha hivi, haifanyi kazi tena."

"Basi ilegeze. Kwa vidole, taratibu. Anza chini."

Hapo Fundi alikuwa nyumbani. Vidole vyake viliingia kati ya mizizi kimoja kimoja, bila haraka. Mama Maua, aliyezoea kuharakisha ofisi tano kila alfajiri, aliketi na kutazama.

"Hii ni ya kahawia na inateleza," Fundi alisema. "Inanuka."

"Hiyo imeoza. Ni yale maji yako ya kila siku, yalituama palepale. Kata. Mizizi mizuri ni myeupe na migumu. Hiyo iache. Lakini mkasi uwe safi, usimpe ugonjwa mwingine."

Fundi alifuta mkasi kwa spiriti aliyokuwa akisafishia saa. Alikata mizizi iliyooza tu, na majani yaliyobabuka kabisa.

"Na baadaye unawe mikono kwa sabuni," Mama Maua aliongeza. "Maji ya mmea huu yanawasha. Usijisugue macho. Wala mtoto mdogo au paka asiutafune, mdomo utamwasha."

Mizizi ilipolegea, walikuta Shangazi hayuko peke yake. Pembeni palikuwa na shina dogo lenye majani mawili machanga na mizizi yake mwenyewe.

"Hongera, Fundi, Shangazi ana mtoto," Mama Maua alisema. "Huyu tunaweza kumtenga, maana ana mizizi yake. Angekuwa hana, tungemwacha kwa mamaye. Mtoto atakaa kwenye kopo dogo, tulitoboe chini."

Kile chungu cha plastiki walikiosha kwa sabuni na kukisuuza. Mama Maua alifungua mfuko wake. Udongo ulikuwa mwepesi, mweusi.

"Huu nimeuchanganya mwenyewe. Udongo wa bustani, mboji iliyoiva, na mchanga mnene. Sehemu sawa. Ukiufinya mkononi unashikana, ukiugusa unaachana. Udongo wa mfinyanzi mtupu usitumie, utashika maji mpaka mizizi ikose hewa."

Fundi aliweka udongo chini, akamsimamisha Shangazi katikati.

"Kina kiasi gani?"

"Kilekile cha zamani. Usizike shina, usiache mizizi wazi. Sasa jaza pembeni. Shindilia kwa vidole tu, si kwa ngumi! Na juu uache nafasi ya kidole kimoja, maji yasimwagike. Tayari. Mwagilia."

Fundi alimwaga maji polepole. Safari hii maji yalizama. Yalikaa ndani kwa muda, kisha yakaanza kudondoka kidogo kidogo kwenye sahani ya chini. Fundi aliitazama sahani ile kana kwamba ni saa iliyoanza kwenda tena.

"Mwaga hayo ya kwenye sahani, asisimame ndani ya maji," Mama Maua alisema. "Mweke karibu na dirisha, nyuma ya pazia. Mbolea usimpe mpaka wiki sita zipite. Na nakuonya mapema: atanuna. Siku kadhaa, hata wiki mbili. Kahamishwa, ana haki ya kununa. Usije ukamzamisha."

"Basi nimwagilie saa ngapi?"

Mama Maua alimshika mkono Fundi. Aliuelekeza kwenye chungu, akakisukuma kidole chake ndani ya udongo hadi kiungo cha kwanza.

"Kila siku muulize hivi. Kidole kikitoka na unyevu, mwache. Kikitoka kikavu, mpe maji. Na uinue chungu kidogo. Kikiwa chepesi, ana kiu. Saa haijui kiu ya mtu, Fundi."

Fundi alibaki na kidole ndani ya udongo. Sasa alikumbuka kucha za mkewe. Zilikuwa na udongo kila siku, siku nyingine saa mbili asubuhi, siku nyingine jioni kabisa. Alikuwa akimtania, "Mke wangu analima usingizini?" Kumbe mkewe alikuwa akimuuliza Shangazi.

*

Jumapili Shangazi alikuwa katika hali mbaya kuliko siku zote. Majani yote yalikuwa yamelala ukingoni mwa chungu. Saa tisa na nusu Fundi alisimama mbele yake. Alimzungusha. Akamzungusha tena. Hakukuwa na upande mzuri.

Saa kumi simu iliita.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

Walizungumza kuhusu kazi, afya na mvua. Kisha:

"Haya Baba, nionyeshe ua la mama."

Fundi alishika simu kwa mikono miwili. Angeweza kusema taa imeharibika. Angeweza kusema simu inaishiwa chaji. Alielekeza simu kwa Shangazi, kama alivyokuwa.

Binti alisogeza uso karibu na simu.

"Nilikuwa nakudanganya," Fundi alisema. "Kila Jumapili nilikugeuzia upande mzuri. Karibu nimuue, mwanangu. Nilimpa maji kwa saa. Chungu cha mama yako nimekivunja jana. Jirani anasema atapona, lakini mimi sijui. Niliogopa kukuambia."

Binti aliondoa macho kwenye simu. Fundi alifikiri amekasirika. Kisha picha ikaanza kutikisika. Binti alikuwa ameinuka na simu.

Nyuma yake, kila Jumapili, Fundi aliona ukuta mmoja: pazia la maua na picha ya mama kwenye fremu. Sasa simu iligeuka. Aliona chumba kizima. Aliona masanduku ya kuhamia, bado yamefungwa kwa gundi. Aliona sahani moja, kikombe kimoja, kiti kimoja.

"Nimekaa humu miaka miwili," binti alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sijafungua masanduku. Jirani yangu simjui hata jina. Nikitoka kazini sina wa kuongea naye mpaka kesho. Kila Jumapili nakaa mbele ya ukuta ule mmoja, ili usiwe na wasiwasi."

 Walikaa hivyo, kila mmoja ameshika simu, akitazama chumba cha mwenzake.

"Shangazi ana mtoto," Fundi alisema mwishowe. "Nimemtia kwenye kopo. Ni wako. Ukija, umchukue."

*

Shangazi alinuna siku tisa. Kila asubuhi Fundi alitia kidole kwenye udongo. Kilitoka na unyevu, akamwacha. Hilo lilimtesa. Saa nne ilifika ikapita, na kikombe kilibaki kikavu. Siku ya kumi majani mawili yaliinuka. Wiki ya nne jani jipya lilichomoza, limejikunja kama karatasi. Baada ya wiki sita Mama Maua alileta mbolea kidogo. Alikunywa chai kwenye kile kikombe cha pili, na akalalamika kwamba haina sukari.

Ikafika wiki ya kumi na mbili. Ilikuwa Jumatano, saa saba mchana. Fundi alivuta pazia, akaona kitu kati ya majani. Kilikuwa cheupe, kimesimama wima.

Alichukua simu bila kutazama saa hata moja.

"Baba!" Binti alipokea kwa hofu. Nyuma yake zilionekana chupa za maabara. "Kuna nini? Leo si Jumapili!"

"Hakuna baya. Shangazi katoa ua."

Binti alivuta pumzi. Alitafuta kiti, akakaa.

"Nionyeshe. Mzungushe, nione pande zote."

Fundi alimzungusha taratibu. Ua jeupe likapita. Majani mapya yakapita. Likapita na lile jani moja lenye baka la kahawia, ambalo Fundi hakulikata.

"Baba, jana nilitaka kukupigia," binti alisema. "Asubuhi, saa nne. Nikaona si siku yetu. Nikasema nitakusumbua, hiyo ni saa yako ya kazi."

"Piga siku yoyote," Fundi alisema. "Saa nne sina kazi tena."

Kisha machozi yakamtoka, na hakuigeuza simu.